Logi Zenye Adabu Kupita Kiasi

Vijana, Mwalimu Gwandu ameniomba niwaandikie chochote kuhusu kazi niliyoifanya katika chumba hicho mnachokalia sasa, nyuma ya duka la mabati hapa Karatu. Nimekubali kwa sharti moja: asiguse hata neno langu moja. Mwalimu ana tabia ya kulainisha maneno ya watu, na nusu ya haya nitakayosema yanahusu hasara ya tabia hiyo. Mkikuta mahali nimemsifu sana, jueni amegusa.

Mimi ni Paulina Sulle. Mnaniita Mama Sulle, na nasikia siku hizi mmeanza kuniita Bibi. Hilo la Bibi liacheni. Maharage ninayolima Mbulumbulu yananizeesha vya kutosha, sihitaji msaada wenu.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga majaribio. Programu ikishaandikwa, haiendi kwa watu mpaka ijaribiwe. Mwanzoni nilijaribu kwa mkono. Nabonyeza hapa, naandika pale, natazama kama kimetokea kile kilichotakiwa kutokea, kisha narudia mpaka vidole vinakufa ganzi. Baadaye tukaifundisha kompyuta ijijaribu yenyewe tukishaondoka jioni, na asubuhi ituachie maelezo ya yote iliyofanya. Maelezo hayo ndiyo logi. Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kujaribu. Kujaribu ni mashine inajaribu. Kazi ngumu ni kuisoma logi na kujua nini kimeharibika kabla chai haijapoa.

Nilitokea Wasso, ambako nilikuwa mpiga chapa. Nimechapa barua za watu mpaka nikachoka na watu wenyewe. Mpiga chapa hujifunza kwamba wengi hawaandiki ili wasomwe, wanaandika ili ionekane wameandika. Siku Mwalimu aliponiwekea logi ya kwanza mezani, nikaona kumbe na mashine zimeambukizwa.

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu sekondari muda mrefu kabla ya kufungua ofisi hii. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa, hajawahi kumkemea hata mbwa. Ndiye aliyeandika majaribio ya mwanzo kabisa, ya programu ya kupangisha vyumba vya hoteli ndogo za hapa mjini. Nikasoma, nikamwendea.

"Mwalimu, hapa pameandikwa 'Jaribio la nne: limejitahidi.' Limefaulu au limefeli?"

"Limejitahidi."

"Nauliza, limepita?"

"Mama Sulle, ukimwambia mtoto kila siku kwamba amefeli, ipo siku atafeli kweli."

"Mwalimu, hiki si mtoto. Hiki ni kitufe cha kughairi chumba."

"Kimeandikwa na mtoto wa mtu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ndivyo ilivyokuwa, vijana. Logi yetu ilikuwa ripoti ya shule. "Amejitahidi" maana yake ilifeli. "Aongeze bidii" maana yake ilifeli vibaya. "Azungumze na mzazi" maana yake programu ilikufa katikati na kuizima kompyuta. Lile jaribio ambalo leo linapita, kesho linaanguka, keshokutwa linapita tena bila mtu kugusa kitu, Mwalimu aliliandikia "Ana uwezo, lakini hatulii." Hapo nitamtendea haki: mpaka leo sijasikia mtu aliyeeleza ugonjwa huo vizuri kuliko yeye. Mwishoni kabisa mwa logi, mashine ilikuwa inapiga wastani wa majaribio yote na kuweka maoni ya mwalimu mkuu. Karibu kila siku maoni yalikuwa: "Vizuri sana. Hongera."

Mnaona hatari yake. Wastani ni kitu kizuri kwa mtoto, maana mtoto akianguka kwenye jiografia anaweza kujikomboa kwenye Kiswahili. Programu haijikomboi. Milango tisini ikifungwa vizuri na mmoja ukaachwa wazi, mwizi hapigi wastani.

Jambo la kwanza nililolipigania likawa majina. "Jaribio la nne" ni jina gani? Hata mbwa huwa na jina zuri kuliko hilo. Likianguka inabidi ufungue programu, uhesabu kutoka juu, ujue la nne ndilo lipi, halafu ukute mtu ameongeza jingine katikati na la nne limekuwa la tano. Nikawaambia wenzangu jaribio liitwe kwa kazi yake: "Mgeni akighairi, chumba kirudi kuwa wazi." Ukilikuta jina hilo kwenye logi limeanguka, umeshajua nani anaumia na wapi, kabla hujafungua kitu kingine. Walilalamika kwamba majina ni marefu. Nikawauliza kama wanalipia wino.

Halafu kulikuwa na kijana mmoja kutoka Singida, mchapakazi kweli, ambaye yeye alikuwa na ugonjwa wa kinyume. Mwalimu alificha, yeye alimwaga yote. Programu zake ziliandika kila zilichofanya. "Ninakaribia stoo ya data. Nimefika. Nimegonga. Nimefunguliwa. Nimeingia. Nimefunga mlango." Logi yake ilikuwa nzito kiasi kwamba nikishaifungua nilikuwa nakwenda barabarani kununua chapati, narudi, nakuta kompyuta bado inahema. Ndani yake kosa lilikuwepo, sikatai. Hata sindano huwa ipo ndani ya gunia la ngano la Mbulumbulu. Nikamfundisha aweke ngazi mbili: yale ya kila siku yakae kwenye faili lao, ayatafute siku akiyahitaji, na yale ya kumwamsha mtu usingizini yakae peke yake.

Na umeme. Nyinyi mna betri kubwa siku hizi, hamjui. Sisi umeme ulipokatika, asubuhi tulikuta logi imeishia katikati ya neno: "Sasa ninajaribu kufu". Tukabishana kama ilitaka kufuta au kufungua, na Mwalimu akasema labda ilitaka kufurahi. Kumbe programu ilikuwa inakusanya maneno kichwani ili iyaandike yote kwa pamoja ikimaliza. Ni sawa na mtu anayekaa na wosia kichwani, akisubiri siku ya kufa ndipo atafute kalamu. Andikeni mstari hapo hapo jambo linapotokea. Hata kama mashine itakufa baadaye, itakufa imeshasema.

Lakini hayo yote ni vionjo. Nilichokalia kitini niwasimulie ni habari ya Lemayani.

Lemayani alitoka Olbalbal, kule chini ambako ukiteremka kutoka kwenye ukungu wa msitu wa kreta unaanza kuvua makoti moja moja. Alikuja ofisini kujifunza, akajua upesi, akawa mmoja wetu. Yeye ndiye aliyebuni programu ya Zamu. Huko kwao kiangazi kikikaza, birika la kisima halitoshi kunywesha ng'ombe wa maboma mawili kwa siku moja. Kila boma lina siku yake. Wakati huo zamu ilikuwa ikijulikana kwa kuulizana njiani, na mtu akisikia vibaya, anaswaga ng'ombe kutwa nzima juani, anafika, anakuta wenzake wako birikani na fimbo mkononi. Zamu ilikuwa inatuma meseji kwenye simu, hata hizi ndogo za vitufe: boma fulani, siku yenu ni kesho. Pampu ikiharibika, wote wanasogezwa mbele siku moja, na kila mmoja anapewa siku mpya.

Wazee wa kamati ya maji walikubali kuijaribu. Ila baba yake Lemayani, Mzee Parmuat, alikuwa na neno lake. Kaka zake Lemayani walikuwa wameshaondoka, walikuwa walinzi Arusha, na mzee alimtaka huyu aliyebaki arudi kuchunga. Wakakubaliana hivi, mbele ya wazee: "Hiyo kompyuta yako ikipeleka ng'ombe birikani siku isiyo yao, hata mara moja, wewe unaacha kompyuta unakuja kushika fimbo." Lemayani akakubali. Angefanyaje, ni baba yake.

Kwa hiyo kijana alikuwa amebeba maisha yake yote kwenye meseji. Alipokuwa anaandika majaribio ya Zamu alikuwa hali chakula vizuri. Mimi nilimpenda sana kijana yule, na sioni haya kusema. Nilikuwa na hamu afaulu kuliko nilivyokuwa na hamu ya mshahara.

Sasa lazima mjue jinsi Lemayani alivyokuwa akitoa habari. Kwao habari ina mpangilio wake. Mkikutana, msimulizi anaanza na uzima: watu wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima, nyasi zipo, mvua imeonekana upande fulani. Msikilizaji anaitikia "ee" kila kituo, hamkatizi. Mambo mazuri yakishakwisha yote, kama kuna baya, ndipo linakuja, nyuma kabisa, limeshikwa mkono na neno "ila". Sisi wote Waswahili wa bara tuna tabia hiyo kidogo. Nani kati yenu amewahi kuulizwa habari za nyumbani akajibu "mbaya"? Unasema nzuri, halafu ndipo unasema umefiwa. Lakini kwa Lemayani haikuwa kidogo.

Zamu ilipangwa kuanza Jumatatu. Ijumaa nikafungua logi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, Lemayani yuko mlangoni akijifanya anatazama wateja wa mabati. Logi ilikuwa ndefu, kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili anafanya: nikatafuta. Nikaandika "imeshindwa". Hakuna. Nikaandika "imefeli". Hakuna. Nikaandika "kosa", nikaandika mpaka "amejitahidi". Hakuna kitu. Nikashuka chini kabisa, nikakuta: "Wastani: Vizuri sana. Hongera."

"Hongera, Lemayani!" Mwalimu akasema, akampa mkono, akaagiza soda.

Lemayani alipokea soda yake kwa mikono miwili. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jambo asilolielewa vizuri lakini hataki kuuliza. Nilidhani ni furaha. Nikachapisha kurasa za mwisho za logi niziweke kwenye faili, maana upiga chapa haujanitoka, nikaziacha mezani, tukaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi nikafika, nikamkuta Lemayani amesimama uani kunisubiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, Mama. Nimeamka salama. Mvua ya jana imenyesha vizuri, mpaka huku juu. Mwenye duka mzima, mtoto wake homa imeshuka."

"Ee."

"Nyumbani wamepiga simu. Wazima, ng'ombe wazima. Umeme upo."

"Ee."

"Chai nimebandika, iko karibu kuchemka. Ila mbuzi wako ofisini."

"Mbuzi gani?"

"Wa jirani. Wako mezani kwako."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla hujafika."

Nilikimbia, vijana, na umri huu. Ndani nilikuta mbuzi wawili wanatazama kalenda, na beberu mmoja mkubwa amepanda kwenye kiti changu, miguu ya mbele iko mezani, anatafuna logi bila haraka. Nilipomwona alikuwa na "Hongera" inaning'inia mdomoni. Nikamtoa kwa ufagio. Alitoka na wastani wetu.

"Lemayani! Kwa nini hukuniambia mbuzi kwanza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, nianze na mbuzi? Mtu akianza na baya, si unajua amekuja kutangaza msiba? Ungeanguka hapo uani."

"Na wewe kwa nini hukuwatoa?"

"Wale wawili nilikuwa nawatoa, wanarudi. Huyu mkubwa ni mkali. Nikasema nikusubiri."

Nikakaa kitini, nikaanza kuokota vipande na kuvipanga, nikiwa bado natukana kwa Kiiraqw ili Mungu wa Mwalimu asielewe. Kipande kimoja kilikuwa kizima upande wa kushoto, na meno yalikuwa yamepita upande wa kulia. Kilisomeka hivi: "Majirani wote wamepata zamu yao kwa amani, ila".

Baada ya hapo hakuna kitu. Pamekuliwa.

Nilikisoma mara ya pili. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kusimuliwa mvua, homa na chai kabla ya kuambiwa mbuzi wako mezani. Nikawasha kompyuta, nikafungua logi nzima, na pale kwenye kutafuta nikaandika neno moja dogo: "ila".

Zikaja kama siafu.

"Meseji imefika kwenye simu zote, ila ya Mama Naisiae imeandikwa jina la mumewe."

"Mfumo umeamka salama, ila umeamka jana."

Na chini zaidi, ule mstari ambao beberu aliondoka na nusu yake: "Majirani wote wamepata zamu yao kwa amani, ila pampu ikiharibika, boma la mwisho linakutana na boma la kwanza birikani siku moja, na hapo sijui watasemezanaje."

"Lemayani, njoo hapa. Boma la mwisho kwenye orodha ni la nani?"

"La baba."

"La kwanza?"

"La Mzee Kimirei."

Hata mimi wa huku juu nilikuwa nimesikia habari za Mzee Parmuat na Mzee Kimirei. Walikuwa hawajaamkiana tangu dume la mmoja livunje zizi la mwingine. Na birika moja, siku moja, fimbo zote mbili.

"Na kwa nini ulimweka baba yako mwisho?"

"Mama, mtu hawezi kuanza na kwao. Watu wangesemaje?"

"Sasa ona. Pampu ikiharibika, programu inawasogeza wote mbele. Huyu wa mwisho anakosa siku ya mbele, inamrudisha kwenye siku ya wa kwanza. Ulikuwa unalijua hili?"

"Nililijua. Nikaliandika."

"Uliliandika wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Hapo. Nilijua mtasoma mpaka mwisho. Habari haikatwi, Mama." Kisha akasema taratibu, na hapo ndipo alipoonekana kuumia: "Jana Mwalimu aliposema hongera, nikafikiri amesoma, ameona ni jambo dogo. Mkubwa akikupa hongera, wewe ni nani umwambie bado?"

Kijana alikuwa ametoa taarifa kamili, ya kweli, kwa adabu zote alizofundishwa. Mwalimu naye, kwa adabu zake, alikuwa amejenga mashine ya kutoa hongera. Adabu mbili zimekutana, na katikati yake ng'ombe wangekufa kiu na kijana angerudi kushika fimbo.

Mwalimu alipofika nilikuwa namsubiri mlangoni kama mbuzi. Nikamwambia kuanzia leo logi inaanza na baya. Juu kabisa, kabla ya neno lingine lolote, liwepo neno moja tu, lile lile siku zote, kwa herufi kubwa: IMESHINDWA. Nikamwambia sitaki amejitahidi, sitaki aongeze bidii, na wastani ufutwe. Maneno ishirini ya jambo moja ni mazuri kwenye shairi. Kwenye logi, mtu anayetafuta anakuwa na neno moja kichwani, na akilikosa anakwenda kunywa soda.

Mwalimu alisikitika kweli. "Mtu ameamka asubuhi, hajanywa hata chai, unampokea na IMESHINDWA? Hata salamu hakuna?"

"Salamu weka chini."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa. Andika 'Mengine yote salama.' Na iandikwe kama ni kweli tu."

Akafikiri, akasema hiyo anaweza kuishi nayo. Mstari huo mnauona mpaka leo mwishoni mwa kila logi, na nasikia mgeni mmoja wa ofisi aliuliza kazi yake ni nini. Kazi yake ni kumtuliza Mwalimu.

Tukakaa siku ile nzima. Lemayani akarekebisha ile hesabu ya boma la mwisho, mimi nikasimamia maandishi. Kila kushindwa kuwe na mistari mitatu: jina la jaribio, kilichotarajiwa, kilichotokea. "Kilitarajiwa: Parmuat apewe siku iliyo wazi. Kilichotokea: amepewa siku ya Kimirei." Mtu akisoma hayo hahitaji kumwita aliyeandika. Halafu nikataka jina la boma liandikwe katika kila mstari unaolihusu, tangu meseji inapotungwa mpaka inapofika kwenye simu. Awali mstari mmoja ulisema "Parmuat," unaofuata "yeye," unaofuata "huyo tuliyemtaja." Sasa ukitafuta "Parmuat" unapata safari yote ya meseji yake, bila kumkanyaga jirani. Lemayani alijifunza upesi, ingawa mstari wake wa kwanza kwa mtindo mpya ulisomeka: "IMESHINDWA, samahani." Samahani nikamwachia. Haizuii kutafuta.

Jumapili baada ya ibada tukarudi kusoma. Juu hapakuwa na IMESHINDWA hata moja. Chini palikuwa na "Mengine yote salama." Mwalimu akafungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Mimi nikaandika "ila" kwenye kutafuta, kwa usalama tu, na hakukuwa na kitu.

Zamu ikaanza. Na pampu, kama mnavyozijua pampu, ikasubiri kiangazi kikaze ndipo ikaharibika. Meseji za kusogeza siku zikatoka. Wiki ile Mzee Parmuat alikuwa amemwita Lemayani nyumbani asaidie na mifugo, na wote tulielewa kwamba anamweka karibu na fimbo. Sikuweza kukaa ofisini. Nikaomba ruhusa, nikapata nafasi kwenye lori la unga, nikateremka Olbalbal siku ambayo meseji ilisema ni ya boma lao.

Nilipokaribia birika niliona vumbi, nikahesabu makundi kwa macho ya mtu wa maharage, nikaona kundi moja. Halafu nikajiuliza: moja ni lao, au moja ni la Kimirei na wao wamefukuzwa? Mzee Parmuat akaja kunilaki, shuka limefungwa vizuri, uso hausomeki.

"Takwenya," akaniamkia kwa Kimaasai.

"Iko. Habari za hapa, Mzee?"

"Nzuri. Sisi wazima. Watoto wazima."

"Ee."

"Mama yake Lemayani alikuwa anaumwa mguu, sasa anatembea."

"Ee."

Mimi, niliyewafundisha watu wote Karatu kuanza na baya, nimesimama juani Olbalbal naitikia ee, nimeshika kanga kwa mikono miwili. Akapita kwenye nyasi. Akapita kwenye punda. Akasema ng'ombe wamekunywa, wote, hakuna aliyewasumbua, Kimirei alikunywesha siku yake, akaenda zake, na jana walipishana njiani, akamwamkia. Moyo ukaanza kutulia. Kisha mzee akatoa kichupa cha tumbaku, akanusa, akafuta pua.

"Ila," akasema.

Nikaitikia, "Ee."

"Ila huyu kijana wenu hajui tena kuchunga. Juzi nimempa ndama, wachache tu, hata mtoto anaweza. Amepoteza mmoja. Mchana! Mtu anapoteza ndama mchana kweupe!" Akatema mate pembeni kwa uchungu. "Mmemharibu. Mchukue, arudi na wewe huko kwa kompyuta. Hapa atanimalizia mifugo."

Nikamwambia pole sana, Mzee, kwa sauti ya msiba niliyoweza kuipata.

Jioni tulikuwa mimi na Lemayani kando ya barabara tukisubiri gari la kupanda kreta, mfuko wake begani. Nikamwuliza kama yule ndama alipatikana.

"Alipatikana, Mama. Ni mzima. Ananyonya vizuri, mama yake naye mzima, maziwa yapo."

"Ee," nikasema, nikasubiri.

"Ila sikumpoteza mbali. Muda wote nilikuwa namwona."